Trekta la mfano si mchezo, ni darasa la ufundi

MWEZI Desemba mwaka 2024 nilikwenda Moshi kula Krismasi kwa dada yangu. Nilipofika nilikuta nyumba imenuna. Shemeji yangu alikuwa barazani na fimbo mkononi, na mtoto wao wa kiume, mwenye umri wa miaka 13, alikuwa nyuma ya nyumba akilia.

Nikauliza kulikoni. Shemeji akanionyesha juu ya meza. Palikuwa na matrekta mawili ya kuchezea, yale mazito ya chuma yanayotoka Ulaya, ambayo dada aliyanunua katika soko la mitumba la Memorial. Moja lilikuwa la huyo kijana, jingine la mdogo wake. Yote mawili yalikuwa yamekatwa katikati kwa msumeno wa chuma, na kichwa cha moja kimefungwa kwa waya kwenye kiuno cha lingine.

“Shemeji, mimi nakunja samaki angali mbichi,” aliniambia. “Leo amekata trekta la mdogo wake, kesho atakata la kwangu.”

Nikaomba mtoto aitwe. Akaja akifuta machozi. “Shikamoo mjomba,” akasema, kisha akaeleza. “Hili lilikuwa na kebini nzuri lakini ekseli ya mbele imevunjika. Hili lina magurudumu yote lakini halina kebini. Nilitaka nipate moja zima. Ila halikai, mjomba. Kichwa ni kikubwa kuliko kiuno.”

Nikalitazama. Ni kweli, lilikuwa kama kichwa cha ng’ombe kwenye shingo ya mbuzi. Lakini neno lile “halikai” ndilo lililonifanya niandike makala haya. Mtoto aliyegundua kwamba vitu viwili havikai pamoja, na akatambua kuwa tatizo ni ukubwa, ameshaingia mlango wa ufundi. Anachohitaji ni kipimo, si fimbo.

Wapo watakaouliza, ukurasa wa biashara na kilimo unahusiana vipi na vitu vya watoto? Jibu langu ni kwamba alichokifanya mtoto yule kwa msumeno wa baba yake ni kazi inayofanywa na watu wazima, kwa utaratibu na kwa ustadi mkubwa, katika nchi za Uingereza, Ireland, Ujerumani, Uholanzi na Marekani. Wengi wao ni wakulima, watoto wa wakulima au mafundi wa matrekta. Wananunua matrekta ya mfano ya aina mbalimbali, wanayafungua, wanachukua injini ya hili, kebini ya lile na magurudumu ya jingine, wanaunda trekta ambalo halipo dukani.

Kwa nini wasinunue lililo tayari? Sababu ni ya kibiashara. Kutengeneza umbo la chuma la kumiminia modeli mpya ni gharama kubwa, na kiwanda hakiwezi kurudisha gharama hiyo bila kuuza maelfu ya modeli. Kwa hiyo viwanda huchagua matrekta yanayojulikana na watu wengi. Mkulima ambaye baba yake alilimia trekta lisilo maarufu, au lililobadilishwa na fundi wa kijijini, hataliona dukani mpaka anakufa. Akilitaka, lazima aliunde mwenyewe.

Kazi yenyewe

Nitatoa mfano mmoja ili msomaji aone kuwa hii si kazi ya kubahatisha. Huko Fleet, katika jimbo la Hampshire nchini Uingereza, ilikuwapo kampuni iliyoitwa County. Kampuni hii ilichukua mitambo ya matrekta ya Ford na kuunda matrekta yanayovuta kwa magurudumu yote manne, na magurudumu hayo yote yakiwa na ukubwa sawa. Nguvu ya kuzungusha magurudumu ya mbele ilipelekwa kwa shafti mbili, moja kila upande wa injini. Mojawapo ya matrekta yao ni County 1124, lenye injini ya Ford ya silinda 6.

Sasa chukulia kuwa fundi anataka kuunda County ya namna hiyo, na alichonacho ni modeli mbili za Ford 5000, trekta la kawaida lenye injini ya silinda 4 na magurudumu madogo mbele. Kwanza anatafuta picha nyingi za trekta halisi na vipimo vyake. Kisha anafungua modeli zake. Nyingine zimefungwa kwa skrubu, nyingine kwa riveti, na riveti hutolewa kwa drili ndogo. Rangi ya zamani inaondolewa kwa dawa ya kubandulia rangi.

Magurudumu ya nyuma ya modeli ya pili yanahamishiwa mbele katika modeli ya kwanza. Hapo tayari ana magurudumu manne yanayolingana. Lakini gurudumu kubwa haliwezi kukaa kwenye ekseli iliyotengenezwa kwa gurudumu dogo bila kuinua pua ya trekta, hivyo ni lazima aunde ekseli mpya. Injini ya silinda 6 ni ndefu kuliko ya silinda 4, kwa hiyo boneti ya modeli ya kwanza inakatwa na kipande cha boneti ya modeli ya pili kinaongezwa katikati. Zile shafti mbili za pembeni zinaweza kutengenezwa hata kwa spoku za baiskeli.

Kuunganisha kwenyewe kuna masharti. Modeli nyingi humiminwa kwa zamaki, yaani mchanganyiko wa zinki, alumini, shaba na magnesi. Chuma hiki huyeyuka kwa joto la nyuzi zipatazo 385 tu, kwa hiyo anayetaka kukichomelea kama chuma cha kawaida ataishia kuwa na donge. Njia salama ni kutoboa tundu dogo kila upande, kuingiza pini ya chuma, na kushikanisha kwa gundi ya epoksi, ile ya kuchanganya mirija miwili. Pini ndiyo inayobeba uzito, gundi inazuia pini isitoke. Baada ya hapo fundi anaziba nyufa kwa puti, anapiga msasa wa maji, anapaka praima, halafu rangi nyepesi mara kadhaa badala ya rangi nzito mara moja.

Modeli kuukuu nazo zina ugonjwa wake. Zamaki iliyochafuliwa na risasi wakati wa kumiminwa huoza kutoka ndani, ikapasuka na kusagika yenyewe bila kuguswa. Fundi mzoefu anaitazama modeli ya zamani kama mnunuzi wa ng’ombe mnadani. Anakagua nyufa kwanza, habari ya bei inafuata baadaye.

Kinachobaki mezani hakitupwi. Kebini iliyosalia, magurudumu madogo manne na usukani vinaingia kwenye boksi kusubiri kazi nyingine. Mafundi hawa husema kwa matendo kwamba hakuna trekta bovu, kuna trekta ambalo vipuri vyake havijapata mwenyewe.

Kipimo kimoja

Siri ya kazi hii yote ni kipimo. Ulaya kipimo kilichozoeleka kwa matrekta ya mfano ni 1 kwa 32. Maana yake kila milimita 32 za trekta halisi ni milimita 1 ya modeli. Kipimo hicho kinaoana na askari wa kuchezea wa kampuni ya Britains ya Uingereza, ambao urefu wao ulikuwa milimita 54. Ukizidisha 54 kwa 32 unapata mita 1.73, ambayo ni kimo cha mtu mzima wa kawaida. Kampuni hiyo ilianza kumimina askari wenye uwazi ndani mwaka 1893, na baadaye ikaingia kwenye vifaa vya shamba kwa ukubwa uleule.

Marekani wamezoea vipimo viwili vingine, 1 kwa 16 na 1 kwa 64. Tuchukue Massey Ferguson 135, trekta ambalo mkulima wa Tanzania hahitaji kuelezwa. Kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma lina mita 1.83. Katika kipimo cha 1 kwa 32 urefu huo ni milimita 57. Katika 1 kwa 16 ni milimita 114, na katika 1 kwa 64 haufiki milimita 29. Yote matatu ni trekta lilelile, rangi ileile nyekundu, lakini jaribu kuchukua boneti ya moja uivike nyingine. Haitakaa.

Hapo ndipo mtoto wa dada yangu alipokwama. Matrekta yake mawili yalikuwa ya vipimo tofauti na hakuna aliyemwambia kuwa kipimo kipo. Nilipomwonyesha hesabu hii kwa rula na daftari, aliacha kulia. Jioni ile alipima kila kitu mezani, hadi chupa ya soda.

Nawaambia walimu wa hisabati, hapa pana somo la uwiano ambalo halihitaji chaki. Mtoto anayelala akiwaza namna ya kuongeza sentimita 32 za injini halisi kwenye modeli yake, na akaamka na jibu la milimita 10, hatasahau uwiano ni nini.

Wakulima walitangulia

Mtu asidhani kuwa ni wenye modeli waliobuni mchezo huu wa kuchanganya vipuri. Wakulima walitangulia. Katika miaka ya 1950 mkulima mmoja wa Essex nchini Uingereza, George Pryor, alikuwa na shamba la udongo mzito wa mfinyanzi, na hapakuwa na trekta la magurudumu lenye nguvu ya kutosha kuulima. Akachukua matrekta mawili ya Fordson Major, akayaondoa magurudumu na ekseli za mbele, akayaunganisha moja nyuma ya jingine kwa kiungo kinachozunguka. Dereva alikaa kwenye la nyuma na kuyaendesha yote mawili. Lilipata injini mbili, magurudumu manne makubwa, na nguvu ya farasi zaidi ya 100.

Kampuni ya Ernest Doe and Sons ya hapohapo Essex ikaona kuwa wazo lina soko. Kuanzia mwaka 1958 ikayatengeneza matrekta hayo yakajulikana kama Doe Triple-D, na yaliuzwa zaidi ya 300. Leo ni mojawapo ya matrekta ambayo mafundi wa modeli hupenda kuyaunda, kwa sababu ukiwa na Fordson mbili za mfano umeshapata sehemu kubwa ya kazi. Unafanya kwa milimita kile ambacho mkulima yule alikifanya kwa futi.

Ninachotaka tukione ni kuwa Pryor hakusubiri kiwanda. Alijua udongo wake, akajua upungufu wa trekta lake, akapima, akaunganisha. Kiwanda ndicho kilichomfuata mkulima.

Kongwa ilitufundisha

Hapa kwetu tunao mfano wa upande wa pili, na ni vema vijana waujue. Baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali ya Uingereza ilianzisha mradi mkubwa wa karanga Tanganyika, katika maeneo ya Kongwa, Urambo na Nachingwea. Lengo lilikuwa kulima zaidi ya ekari milioni 3. Matrekta mapya hayakupatikana kwa wingi uliohitajika, hivyo zikatafutwa mashine zilizobaki vitani. Kampuni ya Vickers ilichukua vifaa vya vifaru vya kivita aina ya Sherman ikaviundia matrekta. Likapatikana jina la Shervick, nusu Sherman, nusu Vickers.

Kwa ufundi wa kuchanganya vipuri, wazo hilo halikuwa baya. Kifaru kilicholenga watu kiligeuzwa kung’oa visiki. Kilichokosekana ni kupima nchi yenyewe. Udongo wa Kongwa ukikauka huwa mgumu kama sakafu, ukala majembe na mashine, na mvua haikufuata hesabu zilizopangwa ofisini. Mradi ulifutwa mwaka 1951 na pauni milioni 36 zikaandikwa kuwa hasara.

Kwa mtazamo wangu, tofauti kati ya Pryor na Kongwa ndiyo tofauti kati ya matrekta mawili ya mtoto wa dada yangu: yale aliyoyakata kabla ya kupima na lile aliloliunda baadaye. Kuunganisha vipuri vya mashine tofauti ni busara ikiwa umepima. Usipopima, unapata Shervick kwenye udongo wa Kongwa.

Matrekta yetu ya leo

Sasa tuje shambani. Kwa miaka mingi nchi yetu imepokea matrekta ya kila aina. Katika miaka ya 1980 tuliunganisha Valmet ya Finland pale Kibaha. Baada ya kauli mbiu ya Kilimo Kwanza mwaka 2009 yakaja matrekta kutoka India kupitia SUMA JKT. Wafanyabiashara binafsi nao wameleta ya kutoka Uingereza, China, Uturuki na kwingineko, mapya na yaliyotumika. Sipingi wingi huo. Lakini kila aina mpya inakuja na boliti zake, fani belti zake na filta zake, na mkulima ndiye anayebaki akizunguka mjini na kipuri kilichovunjika kwenye mfuko wa rambo.

Shemeji yangu mwenyewe ni shahidi. Masika ya mwaka 2023 klachi ya trekta lake ilikwisha. Alikwenda dukani, akaambiwa klachi pleti iliyopo inaingia kwenye trekta lake bila wasiwasi. Akalipa, akapanda gari, akarudi shamba kule tambarare ya chini. Fundi alipofungua alikuta kipenyo ni kilekile, lakini meno ya katikati hayakulingana na ya shafti. Duka likakataa kurudisha fedha. Siku zikapita, mvua zikapita, akakodi trekta la jirani wakati mahindi ya wenzake yameshafika magotini. Msimu ule alivuna magunia ya kula tu.

Nilimkumbusha jambo hilo pale barazani. Nilimwambia, “Shemeji, siku ile dukani ungekuwa na mtu wa kukuambia halikai kabla hujatoa fedha, ungempa nini?” Hakujibu, lakini fimbo aliiweka chini.

Ni kweli kwamba modeli haina klachi ya kweli, wala shafti yake haizungushi kitu. Sidai kuwa mwenye kuunda trekta la mfano anaweza kesho kufungua gia boksi la trekta halisi. Ninachosema ni kwamba anajenga tabia tatu ambazo fundi hawezi kuwa fundi bila kuwa nazo: kutazama kabla ya kukata, kupima kabla ya kununua, na kuhifadhi kilichobaki. Tabia hizo hazinunuliwi pamoja na boksi la spana.

Aidha, mchezo huu unamfundisha kijana thamani ya vitu vinavyooana. Mfumo wa kufungia jembe kwa nukta tatu uliosambazwa na Harry Ferguson, kupitia matrekta ya TE20 yaliyotengenezwa zaidi ya 500,000 kati ya mwaka 1946 na 1956, umekuwa kipimo cha dunia nzima. Ndiyo maana leo jembe la kampuni moja linaweza kufungwa kwenye trekta la kampuni nyingine, ilimradi ni la daraja moja. Mkulima anayeelewa hilo hununua jembe kwa kuuliza daraja la nukta zake, si kwa kuangalia rangi. Mwenye modeli anauliza swali hilohilo: kipimo gani?

Biashara ipo

Wasomaji wa ukurasa huu watataka kujua fedha iko wapi. Historia inajibu. Mwaka 1945, katika mji wa Dubuque, jimbo la Iowa nchini Marekani, Fred Ertl alianza kuyeyusha pistoni za alumini za ndege za vita kwenye tanuri la nyumbani kwake, akamimina matrekta ya kuchezea. Kazi ile ikawa kampuni ya Ertl, ambayo mwaka 1959 ilihamia mji mdogo wa Dyersville. Mji huo leo una jumba la makumbusho la vitu vya kuchezea vya shamba, lililofunguliwa mwaka 1986, na kila Novemba watu humiminika kwenye maonyesho yao ya kitaifa. Huko Ujerumani kampuni ya Siku, iliyoanzishwa mwaka 1921, nayo ina matrekta ya kipimo cha 1 kwa 32 yanayouzwa nchi nyingi.

Nyuma ya kampuni hizo kubwa wamejipanga mafundi wadogo. Yupo anayemimina magurudumu tu kwa resini. Yupo anayechapa stika za maandishi ya pembeni mwa boneti. Yupo anayekata vioo na ngazi za kebini. Na yupo anayechukua vyote hivyo pamoja na modeli mbili, akaunda trekta moja ambalo mnunuzi amelitafuta maisha yake yote. Huyu wa mwisho hauzi chuma na rangi. Anauza saa zake za kazi na kumbukumbu ya mtu mwingine, na ndiyo maana bei yake huzidi sana bei ya modeli alizozikata.

Watoto wetu wanatengeneza magari ya waya na ya makopo tangu enzi za babu zetu. Ufundi wa mikono tunao. Tulichokosa ni kuuvusha kutoka uwanjani hadi mezani, ukapata kipimo na bei. Watalii wanaoshuka Kilimanjaro hununua vinyago na vitambaa. Sioni kwa nini mmoja wao, aliyekulia shambani huko Iowa au Bavaria, asinunue trekta la mfano lililoundwa Moshi, lenye tela la miwa kama yale anayoyaona barabara ya TPC.

Uaminifu

Hata hivyo, kazi hii ina mtego wake wa maadili. Trekta lililoundwa kwa kuchanganya vipuri likipakwa rangi vizuri linaweza kufanana na modeli adimu ya kiwandani. Asiye mwaminifu anaweza kuliuza kama la asili. Mafundi wanaojiheshimu hutaja wazi kwamba modeli imebadilishwa, na hueleza sehemu gani imetoka wapi. Mnunuzi analipa akijua.

Wafanyabiashara wetu wa vipuri wangeiga hilo, wakulima wangelala usingizi. Kipuri kilichotengenezwa na kampuni nyingine si dhambi. Kipuri kilichotolewa kwenye trekta lililokufa si dhambi. Dhambi ni kukiweka kwenye boksi lisilo lake na kumwapia mkulima kuwa kinaingia. Aandike kimetoka wapi, mnunuzi apime, wakubaliane bei.

Nini kifanyike

Kwanza, wazazi tuache kuwachapa watoto kwa kufungua vitu. Tuwachape kwa kushindwa kurudisha spana mahali pake, kama ni lazima tuchape. Samaki hukunjwa angali mbichi, lakini anaweza kukunjwa kuelekea kwenye ufundi vilevile.

Pili, vyuo vya VETA na shule za sekondari za ufundi vitenge saa chache kwa kazi ya modeli. Havihitaji fedha za wafadhili. Matrekta mabovu ya kuchezea yapo kwenye mitumba, msumeno, tupa na msasa vipo karakana, na gundi inauzwa duka la vifaa. Mwanafunzi apewe modeli mbili zisizolingana na karatasi, aambiwe: niletee trekta moja linalokaa, na uniandikie ulipima nini. Karatasi ile iwe na maksi sawa na trekta.

Tatu, waandaaji wa maonyesho ya Nane Nane wawape vijana meza moja. Tumezoea kwenda Themi, Nzuguni na kule Mbeya kutazama matrekta makubwa ambayo wengi wetu hatuna uwezo wa kuyanunua. Si vibaya karibu yake kukawa na meza ya matrekta yanayoenea kiganjani, na kijana anayeweza kueleza kila sehemu imetoka wapi. Wenye makampuni wakipita hapo, huenda wakapata fundi.

Nne, mkulima mwenyewe. Trekta lililokufa chini ya mwembe usiliuze kwa kilo kwa wanunuzi wa chuma chakavu kabla hujaandika namba zake na kupima kilicho kizima. Hilo ndilo boksi lako la vipuri. Mwenye kuunda modeli hatupi hata usukani, wewe unatupa gia boksi?

Narudi Moshi. Niliondoka pale baada ya siku nne. Trekta la mtoto wa dada yangu lilikuwa limekwisha, kwa namna yake. Baada ya kupima aligundua kuwa kebini ile kubwa haitaingia kamwe, akaikubali hasara. Akaunda kebini mpya kwa bati la kopo la maziwa, kwa vipimo vya trekta dogo, akaitia pini mbili za spoku. Lilikaa. Akampa mdogo wake, ndilo deni alilokuwa anadaiwa.

Asubuhi ya kuondoka, shemeji alimwita. Nilidhani ni fimbo tena. Akaingia stoo, akatoka na kalipa kuukuu yenye kutu kidogo, ile ya kupimia shafti, akamkabidhi. Hakusema maneno mengi. Alisema tu, “Mwezi wa pili nakwenda kununua klachi pleti ya akiba. Tutakwenda wote, na utapima meno.”

Naomba kuwasilisha.